Mwanafunzi Mgeni Wodini: Tunampokea Kama Nani?

Kila mwaka, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga kwa likizo ya kiangazi, barabara inayopanda kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu na Kibondo hutuletea wageni vijana. Wapo wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho waliotumwa rasmi na vyuo vyao, na wapo wanafunzi wa uuguzi. Wapo pia ambao hawajaanza masomo yoyote ya tiba, bali wanatumaini kwamba majuma machache ya kujitolea katika hospitali ya Afrika yatawasaidia kupata nafasi ya kuyaanza. Waamini wetu huwaona katika Misa ya Dominika, paroko huwatambulisha, nasi sote huwapigia makofi na kuwaambia “Mwakeye”. Jumatatu yake wamekwisha kuvaa koti jeupe, na mama aliyeteremka kutoka Heru Juu au aliyesafiri kutoka Mabamba anawaita daktari.

Hapo ndipo swali letu linapoanzia. Hatuandiki kuwakataa vijana hawa. Wengi wao wametuachia mfano mzuri wa unyenyekevu, na baadhi yao wamerudi baadaye wakiwa wataalamu kamili. Swali tunalouliza linatuhusu sisi wenyeji: tunawapokea kama nani? Mwanafunzi akija kwetu, je, anaendelea kuwa mwanafunzi, au ngozi yake na koti lake vinampandisha cheo usiku mmoja?

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Sehemu kubwa ya huduma za Virusi vya UKIMWI nchini mwetu ilitegemea fedha za Marekani, na huduma za wakimbizi wa kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo zilitegemea wafadhili wa nje kwa miaka mingi. Fedha zinapokatika, wa kwanza kuondoka ni mtumishi wa mkataba. Mkoa wetu, uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.4 katika Sensa ya 2022, haukuwa na watumishi wa afya wa ziada hata kabla ya hapo. Katika hali hiyo, hospitali inayopungukiwa mikono humtazama kijana mgeni anayeingia getini na kuona mikono miwili. Ni kishawishi kinachoeleweka, na kwa sababu kinaeleweka ni vigumu kukipinga.

Tutoe ushuhuda wetu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliitwa usiku katika hospitali moja ya nyanda hizi za juu kumpa mgonjwa mahututi Mpako Mtakatifu. Hospitali hiyo hatuitaji, kwa maana jambo tunalolisimulia lingeweza kutokea popote. Tulipomaliza, tukiwa koridoni karibu na chumba cha kujifungulia, muuguzi alitoka nje akiwa na haraka. Alikuwa peke yake zamu. Ndani kulikuwa na mama aliyekwisha kujifungua na kuchanika, na mwingine ambaye mtoto wake alikuwa karibu kutoka. Koridoni palikuwa na binti wa Kizungu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Muuguzi alimwambia aingie amshone yule wa kwanza. Binti akajibu kwamba hajafundishwa kushona. Muuguzi alikasirika, akatutazama sisi kana kwamba anatuomba msaada. Nasi, kwa aibu tunakiri, tulimwambia binti kwa Kiingereza ajaribu tu, Mungu atamsaidia.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Baba, kwetu nisingeruhusiwa. Kwa nini hapa niruhusiwe?”

Hatukuwa na jibu. Binti aliingia, akafanya aliyoyajua: alikandamiza jeraha kwa kitambaa safi cha hospitali, akahesabu mapigo ya moyo, akamshika mama mkono. Mlinzi alitumwa kukimbia nyumbani kwa tabibu, naye akafika baada ya nusu saa hivi na kumshona mama yule ipasavyo. Muuguzi hatumlaumu hata kidogo. Mtu mmoja hawezi kuwahudumia wazazi wawili kwa wakati mmoja, na aliyempanga peke yake usiku ule hakuwa yeye. Tunajilaumu sisi. Padre aliyesoma falsafa na teolojia miaka yote ile alimwambia mtoto wa watu “jaribu tu” juu ya mwili wa mama wa Kiha, naye mgeni ndiye aliyetukumbusha kwamba mwili ule una hadhi sawa na mwili wa mama wa kwao.

Tangu usiku ule tumejaribu kulifuatilia suala hili, katika maandiko ya wataalamu na katika mazungumzo na wauguzi wa parokia zetu. Wauguzi wanatueleza kwamba mgeni anayekuja kwa majuma matatu au manne huchukua muda mwingi kuliko anaoutoa. Mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiha, muuguzi anayageuza kwa Kiingereza alichojifunza chuoni, swali linarudi kwa njia hiyohiyo, na wakati huo dripu ya kitanda cha tano imekwisha. Hatusemi kwamba kufundisha ni hasara. Hospitali zote kubwa hufundisha. Lakini kufundisha ni kazi, na kazi huhitaji mtu aliyepangiwa muda wa kuifanya.

Mwanaanthropolojia Noelle Sullivan wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani amefanya utafiti juu ya wageni wa namna hii katika hospitali za kaskazini mwa nchi yetu. Moja ya mambo anayoyaeleza ni kwamba watumishi wetu huwapokea wageni kwa ukarimu wakitumaini kwamba urafiki huo utaleta vifaa, ufadhili au uhusiano wa kudumu. Tumaini hilo tunalifahamu pia katika hospitali za Kanisa. Ni nani kati yetu asiyemjua mgeni aliyeondoka na kisha kutuma mashine, au kumlipia mtoto wa jirani ada ya shule? Basi mwenyeji hunyamaza. Hamwambii mgeni “hapana”, kwa kuwa “hapana” huenda ikafunga mlango ambao bado haujafunguka.

Na mgonjwa je? Kisheria na kimaadili anaweza kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi. Lakini tumfikirie mama aliye kitandani, bili yake haijalipwa, ndugu zake wako mbali, na mbele yake amesimama mtu mweupe mwenye kipima mapigo shingoni. Atathubutu kuuliza amesoma hadi wapi? Atathubutu kusema hataki kupigwa picha? Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa zinazolindwa kwa uangalifu wa pekee. Hata hivyo tumeona katika mitandao picha za watoto wetu wagonjwa, nyuso zao wazi, chini yake maneno ya Kiingereza ambayo wazazi wao hawatayasoma kamwe.

Mtu anaweza kudhani tunakuza mambo. Basi tuvuke mpaka hadi Jinja, Uganda, tuone nia njema inaweza kufika wapi pale ambapo hakuna anayeuliza. Renee Bach, kijana wa Kimarekani asiye na taaluma ya utabibu, alifika huko akiwa hajatimiza miaka 20, akaanzisha mwaka 2009 shirika la kuwasaidia watoto wenye utapiamlo. Kwa hesabu iliyotolewa kwa upande wa shirika lenyewe, kati ya watoto zaidi ya 900 waliopokelewa katika miaka ya 2010 hadi 2015, watoto 105 walifariki. Mwaka 2019 akina mama wawili, wakisaidiwa na wanasheria wanawake wa Uganda, walimfungulia kesi Jinja. Yeye alikana kwamba aliwahi kujifanya daktari, na mwaka 2020 kesi ilimalizwa kwa makubaliano bila yeye kukiri kosa. Haki itutake tuseme kwamba watoto wengi waliofikishwa pale walikuwa hali mahututi tayari, na hakuna anayeweza kusema ni wangapi wangepona kwingine. Kinachotusumbua ni kwamba miaka ilipita, na majirani, wachungaji na viongozi wengi walimwona akifanya kazi ile, wakamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Yule hakuwa mwanafunzi wa likizo, wala hospitali zetu si kituo kile. Lakini mzizi ni mmoja: imani kwamba kwa maskini, upendo unatosha mahali ambapo kwa tajiri hudaiwa cheti.

Mama Kanisa hafundishi hivyo. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake Deus caritas est wa mwaka 2005, anasema wazi kwamba wanaowahudumia wenye shida wanapaswa kwanza kuwa na utaalamu unaotakiwa, wajue jambo sahihi na namna sahihi ya kulifanya; kisha anaongeza kwamba utaalamu peke yake hautoshi, kwa kuwa binadamu anahitaji pia moyo unaomjali. Watu wengi hukumbuka sehemu ya pili na kuisahau ya kwanza. Papa Fransisko, katika Fratelli tutti ya mwaka 2020, aliitafakari kwa kirefu habari ya Msamaria Mwema. Tuisome tena habari hiyo, Luka sura ya 10, tukiwa na wodi zetu akilini. Msamaria alifanya nini? Alifanya yale ambayo msafiri yeyote wa zamani zake aliyajua: mafuta, divai, kitambaa. Kisha alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka mahali penye watu wa kumtunza, akalipa gharama, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Hakubaki pale njiani akimfanyia majeruhi mambo asiyoyajua. Wala hakumwachia mwenye nyumba ya wageni mzigo wa gharama.

Tunao pia mfano wetu wa karibu, katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo la kuwaandaa vijana Waafrika wawe makatekista na matabibu. Atiman alipelekwa Malta, akasomea utabibu huko kwa miaka kadhaa katika chuo kikuu, na ndipo alipotumwa. Alifika Karema, katika mkoa wa leo wa Katavi, mwaka 1889. Naye alikuwa mgeni. Lugha haikuwa yake, wala watu hawakuwa ndugu zake wa damu. Alioa hapo, mwanawe Joseph akawa padre, naye aliwatibu watu wa Karema na vijiji vya jirani mpaka kifo chake mwaka 1956. Miaka 67! Hatusemi kila mwanafunzi anayekuja Kasulu aapizwe kukaa miaka 67. Tunataja tu mpangilio wa mambo katika maisha yake: alisoma kwanza, akatumwa, akajifunza lugha, akakaa.

Katika Kanisa hilihili alitoka pia mtu aliyewakataza wanafunzi wasije kabisa. Aprili 1968, Ivan Illich, aliyekuwa padre, aliwahutubia vijana wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea vijijini Mexico, akawaambia kwa ukali kwamba wakae kwao, au waje kama watalii na wanafunzi, si kama wafadhili. Tulipoisoma hotuba hiyo seminarini, tulimwona mkali kupita kiasi. Leo tunaona kwamba nusu ya maneno yake yanatufaa: waje kama wanafunzi. Ile nusu nyingine hatuwezi kuipokea, kwa kuwa Kanisa ni Katoliki, na Kanisa ambamo vijana wa Köln na vijana wa Kasulu hawakutani kamwe lingekuwa limepungukiwa.

Tena, njia ya kuja kama mwanafunzi imekwisha kuandikwa. Mwaka 2010 kundi la wataalamu walichapisha katika jarida la tiba za nchi za joto la Marekani miongozo ya maadili kwa mafunzo ya afya yanayofanyika nje ya nchi ya mwanafunzi. Mmoja wa waandishi wake wakuu, daktari John Crump, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa KCMC, Moshi, hivyo hawakuandika kwa kubahatisha. Wanataka taasisi mbili zikubaliane kabla, gharama za mwenyeji zihesabiwe na zilipwe, mwanafunzi asivuke kiwango cha mafunzo yake, awe na msimamizi, na manufaa yaende pande zote mbili. Sheria zetu nazo hazikunyamaza. Chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, hakuna anayeruhusiwa kutoa tiba bila kusajiliwa, na mgeni hupaswa kupata usajili wa muda. Uuguzi na ukunga una Baraza lake. Kijana wa Kitanzania husoma udaktari miaka mitano, kisha hufanya utarajali wa mwaka mzima akisimamiwa, ndipo asajiliwe kikamilifu. Ni kwa kipimo gani, basi, mgeni wa mwaka wa pili aruhusiwe kile ambacho mtoto wetu wa mwaka wa nne anasubiri?

Hapa tunagusa jambo ambalo kwa maoni yetu halizungumzwi vya kutosha. Kabanga, Kasulu, penye hospitali ya Jimbo, kuna pia chuo kinachowafundisha wauguzi. Vijana hao wanahitaji wagonjwa wale wale ili wajifunze: sindano ya kwanza, mshono wa kwanza, mtoto wa kwanza kumpokea mikononi. Nafasi hizo zina idadi. Palipo na mgeni mmoja na wanafunzi wetu sita kuzunguka kitanda, ukarimu wetu humsogeza mgeni mbele. Tumewasikia vijana wetu wakilalamika kwa sauti ya chini, nao wana haki ya kulalamika. Yule mgeni, akirudi kwao, atajifunzia katika hospitali yenye vifaa vyote. Huyu wetu atapangiwa zahanati huko Kibondo, peke yake, na mshono wa kwanza ataushona pale.

Na safari ya upande wa pili je? Mwanafunzi wa Bugando, Mwanza, anapobahatika kwenda Marekani au Ulaya, mara nyingi huruhusiwa kutazama tu. Mgonjwa wa huko hamgusi. Hatudai huko walegeze sheria zao, sheria hizo ni nzuri. Tunataka zifike na hapa. Tunafurahi pia kwamba upo uhusiano uliokwenda mbali zaidi ya likizo: Chuo cha Tiba cha Weill Cornell cha New York na Bugando wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, kwa kufundishana na kubadilishana wanafunzi na walimu. Urafiki wa taasisi na taasisi huacha kitu nyuma, hata pale ambapo mtu mmoja mmoja amekwisha kusahau majina ya vijiji vyetu.

Wapendwa waamini, mengi ya haya yako mikononi mwa waganga wafawidhi na bodi za hospitali. Lakini si yote. Sisi mapadre tunapowatambulisha wageni kanisani, tuache kusema “madaktari wetu kutoka Ulaya” ikiwa ni wanafunzi. Neno hilo moja, likisemwa altareni, huingia nao wodini kesho yake. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinazowatembelea wagonjwa ziwaambie kwamba wanaweza kumuuliza yeyote anayewagusa jina lake na kiwango cha masomo yake, na kwamba kukataa picha si utovu wa adabu. Familia zinazowakaribisha wageni chakula ziwafundishe Kiswahili na Kiha kidogo, mgonjwa anayeulizwa kwa lugha yake “umelalaje?” amekwisha kupata huduma ambayo haihitaji usajili wa Baraza lolote. Zipo kazi nyingi ambazo kijana asiye na taaluma anaweza kuzifanya vizuri: kuhesabu dawa stoo pamoja na mtunza stoo, kupanga mafaili, kumlisha mzee asiye na ndugu, kucheza na watoto wodini. Wengine huona kazi hizo ni ndogo. Binti wa usiku ule alizifanya kwa majuma yake yote yaliyobaki.

Alituandikia tena baadaye. Amemaliza masomo yake, amesajiliwa kwao, na anaomba kuja kufanya kazi kwa miaka miwili, safari hii akiwa na vyeti. Tumemwelekeza aanze na Baraza la Madaktari la Tanganyika na kibali cha ukaazi, na tumemwonya kwamba karatasi zitachukua muda. Amejibu kwamba wakati anasubiri anajifunza Kiswahili, na anauliza kama kuna mtu wa kumfundisha Kiha.